Somo: Spoila ya mbele ya Datsun 240Z, kuichagua na kuifunga

Aliyewahi kuikanyaga 240Z, gari ya michezo ya Nissan iliyouzwa kwa chapa ya Datsun, kupita kilomita 120 kwa saa anaijua dalili: usukani unakuwa mwepesi, pua inaelea, na upepo wa ubavuni unaanza kuisukuma gari huku na huku. Wengi hukimbilia springi ngumu au matairi mapana, na dalili inabaki palepale, kwa sababu chanzo ni hewa. Ile inayoingia kupitia grili hujaa kwenye chumba cha injini na haina pa kutokea ila chini. Huko chini inakutana na nyingine iliyopita chini ya bampa. Zikijazana, zinaipandisha pua.

Kazi ya spoila ya mbele, yaani kizuizi kinachofungwa chini ya bampa, ni kuzuia hewa isipite chini. Presha chini ya injini ikishuka, pua inatulia, na hewa ya kwenye radieta inavutwa vizuri zaidi kwa kuwa sasa ina mahali pa kutokea. Timu ya mashindano ya BRE ya California ilifunga spoila ya aina hii kwenye 240Z zake, na dereva wake John Morton akachukua nazo ubingwa wa SCCA (chama cha mashindano ya magari cha Marekani) daraja la C Production mwaka 1970 na 1971. Nissan nao waliuza Japani, kuanzia 1971, Fairlady 240ZG, yaani 240Z yenye pua ndefu.

Hapa Afrika Mashariki tunaikumbuka 240Z kwa Safari Rally ya 1971 na 1973. Usiziige gari zile kwenye jambo hili. Zilihitaji pua iliyo juu na bamba la chuma la kulinda injini. Somo hili ni la gari ya lami.

Kuchagua

Ziko aina mbili. Ya kwanza ni kidevu: kipande kinachofungwa chini ya bati lililo chini ya bampa, bati lenyewe likibaki. Ya pili ni ukuta kamili, unaochukua nafasi ya bati hilo na kuzunguka hadi kwenye matao ya matairi. Kwa gari ya kila siku chukua kidevu. Kikivunjika unabadilisha kipande kimoja, na bati la kiwandani, ambalo sasa ni adimu, halijakatwa. Ukuta kamili unafanya kazi zaidi kwa kasi kubwa, na mara nyingi una matundu ya kupeleka hewa kwenye breki. Ukiuchagua, litunze bati la zamani mahali pakavu.

Kabla ya kulipa, angalia taa za indiketa. Kwenye 240Z na 260Z (toleo lililoifuata) za mwanzo zimekaa chini ya bampa. Kwenye 260Z za mwisho za Marekani na 280Z zilihamishiwa juu ya bampa, na bampa zenyewe ni kubwa zaidi. Spoila ya moja haikai kwenye nyingine bila kukata.

Kuhusu malighafi, faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini) ni nyepesi na inatengenezeka kwa fundi yeyote wa bodi, ila inapasuka ikigonga. Plastiki laini ya urethani inajikunja na kurudi, ndiyo inayofaa barabara zenye matuta. Udhaifu wake ni joto: ikikaa juani bila kushikiliwa vizuri inapinda kama wimbi, na rangi ya kawaida inapasuka juu yake. Faiba ya bei rahisi itambue kwa kuimulika na tochi kwa nyuma. Ukiona mwanga unapita kwa mabaka, unene haulingani, na itapasuka pale palipo pembamba.

Kupima

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayovunja spoila nyingi. Weka gari mahali tambarare, tangi likiwa nusu, matairi yana upepo sahihi, na mtu amekaa kwenye usukani. Pima kutoka ardhini hadi mahali ukingo wa chini utakapofika.

Kisha tafuta pua inazama kiasi gani. Kwenye shokabsoba ya mbele, sukuma juu mpira wa kuzuia vumbi, funga kamba ya plastiki kwenye ule mti unaong'aa, iteremshe hadi iguse mwili wa shokabsoba. Endesha njia yako ya kawaida, funga breki kwa nguvu mara chache, pita matuta yako ya kila siku. Ukirudi, umbali kutoka mwili wa shokabsoba hadi kamba ni kiasi ilivyojikunja. Ikiwa ni sentimita 6, na spoila itakaa sentimita 10 kutoka ardhini, kwenye breki kali zinabaki 4 au pungufu, kwa sababu spoila iko mbele ya ekseli na inashuka zaidi ya gurudumu. Kwa gari ya barabarani usishuke chini ya sentimita 12.

Pima pia mteremko. Vuta uzi kutoka chini ya tairi la mbele hadi ukingo wa spoila. Mfano, ukingo ukiwa sentimita 12 juu na sentimita 60 mbele ya pale tairi inapogusa ardhi, pembe ni kama digrii 11. Njia ya kuingilia nyumbani kwako ikiwa kali kuliko hapo, spoila itagusa kila siku.

Kufunga

Vifaa: bolti za M6 kati ya 8 na 10, washa pana, nati zenye pete ya nailoni, drili yenye ncha za milimita 3 na 6.5, tepu ya karatasi, praima ya kuzuia kutu, na bapa mbili za alumini za upana wa milimita 25 na unene wa 3.

Kwanza jaribisha spoila bila rangi. Faiba karibu kamwe haikai sawasawa mara ya kwanza, na ukishaipaka rangi aliyekuuzia hatairudisha. Ishikilie kwa tepu, pima kushoto na kulia kutoka ardhini na kutoka kwenye tao la tairi. Ikipishana kwa zaidi ya milimita 5, angalia kama bati la gari lenyewe limepinda. Gari za miaka hiyo nyingi zimeshagongwa pua.

Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Kati ya tairi na spoila ibaki angalau milimita 20, na rimu pana zikiwepo acha 30.

Sasa toboa, ukianza tundu la katikati. Funga bolti kwa mkono, nenda tundu moja kushoto, moja kulia, hadi pembeni. Ukianza pembeni, mkunjo wote unakusanyika katikati na spoila inabaki imevutika. Miezi miwili baadaye utaona ufa. Matundu yawe sentimita 15 hadi 20 kutoka moja hadi lingine, na yasikaribie ukingo kwa chini ya milimita 12. Toboa na milimita 3 kwanza, tepu ikiwa juu ya faiba ili isimeguke. Kwenye urethani, matundu ya pembeni yafanye marefu kidogo kwenda ubavuni, kwa kuwa plastiki inatanuka juani.

Kila tundu kwenye bati lipake praima kabla ya bolti kuingia. Tundu lisilopakwa huanza kutu kimyakimya, na kwenye bati la 240Z kutu haihitaji kualikwa.

Usikaze sana. Washa ikishaanza kuzama kwenye faiba umepitiliza.

Halafu zile bapa za alumini. Kwa kilomita 160 kwa saa, hewa inayosimama mbele ya spoila ya mita 1.4 kwa sentimita 20 inaweza kuisukuma nyuma kwa nguvu karibu na uzito wa kilo 34. Kwa kilomita 100 ni kama kilo 13. Bolti za juu peke yake haziwezi kuzuia ukingo wa chini usijikunje. Funga bapa mbili kutoka nyuma ya ukingo wa chini hadi kwenye boriti ya chini ya radieta, kila moja robo ya upana kutoka pembeni.

Kuziba mianya

Spoila nzuri yenye mianya nyuma yake ni pambo. Hewa hufuata njia rahisi: ikiona uwazi wa vidole viwili kando ya radieta, itapita hapo na kuacha radieta. Kata bati la alumini la milimita 1, liunganishe kutoka nyuma ya spoila hadi chini na ubavuni mwa radieta, na pale vinapogusana weka sponji nene inayostahimili joto. Kazi hii inachukua muda kuliko kufunga spoila yenyewe.

Rangi ndiyo ya mwisho. Faiba: msasa namba 240, kisha 400, praima, rangi. Urethani: praima ya plastiki, na rangi iliyochanganywa dawa ya kuifanya ijikunje. Baada ya kilomita 100 kagua bolti zote.

Maswali ya wanachama

*Fundi, shikamoo. Nimefunga ukuta kamili, sasa joto la injini linapanda. Nipo Muscat. Nimekosea wapi?*

Marahaba kaka. Angalia linapanda wapi. Likipanda kwenye foleni na kushuka ukitembea, ni feni au kava lake, spoila haihusiki. Likipanda barabara kuu kwa kasi, hewa haifiki kwenye radieta: ziba mianya ya kando, na kama umeweka taa za ukungu kwenye matundu ya spoila, zitoe ujaribu tena.

*Pua imetulia kabisa, lakini sasa nyuma inateleza kwenye kona za kasi. Ni kawaida?*

Ndiyo, na tunashukuru umeuliza kabla ya ajali. Nyuma ya 240Z nayo huinuliwa na hewa. Zamani hukuiona kwa sababu mbele ilikuwa inakosa mshiko kwanza. Funga spoila ya mlango wa nyuma. Hadi hapo, punguza kasi kwenye kona, au punguza kimo cha spoila ya mbele iwe fupi zaidi.

*Naweza kuongeza mpira chini ya ukingo? Mtaani kwetu Mombasa matuta ni makali.*

Unaweza, na ni wazo zuri. Kata mpira wa unene wa milimita 5, ukiteremka sentimita 4 hadi 5 chini ya ukingo, halafu pandisha spoila yenyewe juu kwa kiasi hicho hicho. Mpira utasuguliwa badala ya faiba. Kwa kuwa upo pwani, usigusanishe alumini na bolti ya chuma kisichoshika kutu moja kwa moja. Chumvi itaila bapa. Weka washa za nailoni na grisi kati yake.

*Nyufa kama nyota zimetokea kuzunguka bolti mbili. Nikaze zaidi?*

Hapana dada, legeza. Nyufa hizo ni za kukaza kupita kiasi au za tundu lisilolingana na la kwenye bati. Fungua, saga nyuma ya ufa kwa mteremko mpana, weka tabaka tatu za mkeka wa faiba na rezini, ukikauka toboa upya tundu la milimita 7 ili bolti ya 6 ipate nafasi ya kucheza.

*Mabomba ya kupeleka hewa kwenye breki yana faida kwa gari ya mtaani?*

Kwa mtaani, ndogo. Diski za mbele za 240Z ni bamba moja lisilo na matundu ya ndani, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu au uwanja wa mashindano mabomba ya milimita 63 yanasaidia sana. Ukiyafunga, zungusha usukani hadi mwisho na upandishe gurudumu kwa jeki uone kama bomba linaguswa. Likiguswa hata kidogo, tairi italikata.