Shingo na uso kwa wanaoanza diseksheni (kupasua maiti kwa masomo): mimi nilivyosoma

Assalam aleikum jamani. Niko likizo hapa Lamu, na wadogo zangu wawili wa Langoni wanaingia udaktari, wananiuliza kila jioni kichwa na shingo inasomwaje, kwa hiyo naandika mara moja wote mpate.

Hatua ya 1. Anza na shingo yako mwenyewe kabla hujashika kisu. Kaa barazani, geuza uso kushoto alafu papasa upande wa kulia, utakuta msuli umesimama kama kamba kutoka nyuma ya sikio mpaka juu ya kifua. Huo ndo sternokleidomastoidi, ukiujua huo umeijua shingo, mbele yake ni pembetatu ya mbele na nyuma yake ni ya nyuma.

Hatua ya 2. Ngozi. Ichune nyembamba sana, manake platizma, msuli mwembamba wa shingo, iko hapohapo chini yake, mimi ya kwangu ilitoka yote na ngozi na mpaka leo inaniuma.

Hatua ya 3. Pembetatu ya nyuma tafuta kwanza neva ya 11 (neva ni mshipa wa fahamu, zile za kichwa zinaitwa kwa namba), iko juujuu na inakatika upesi. Alafu ingia kwenye ala ya karotidi, mfuko wa mishipa mikubwa ya shingo: ateri upande wa katikati ya shingo, vena jugula upande wa nje, vagasi (neva ya 10) kati yao kwa nyuma.

Hatua ya 4, na hapa msiharakishe. Neva ya 7 inatoka kwenye fuvu nyuma ya sikio kwa chini, inaingia ndani ya parotidi, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na humo inagawanyika matawi matano. Simama nyuma ya mwenzio, weka kiganja cha kulia kwenye shavu lake la kulia, vidole vimetanuka kuelekea mbele: gumba ni temporali (tawi la panja), shahada zigomati (la mfupa wa shavu), cha kati bukali (la shavu), cha pete ni la ukingo wa taya, cha mwisho linashuka shingoni. Tezi itoe punjepunje kwa kibanio, fuata neva kwa urefu wake, usikate kwa kukingama hata siku moja. Mtu akiamka mdomo umeenda upande na jicho halifungi, ni neva hii hii, ndo maana nawasisitizia.

MASWALI

Dada wa Faza: Kwa hiyo neva ya 7 ndo inatoa mate ya parotidi?
Hapana dadangu, na swali hili linaangusha wengi. Inapita tu humo. Mate ya parotidi yanaamrishwa na neva ya 9. Ya 7 ina tezi za chini ya taya na chini ya ulimi.

Kaka wa Mkomani: Naweza kujifunzia kichwa cha mbuzi?
Kwa ulimi, jicho na msuli wa kutafunia ndio, fungua kabla hakijaingia chunguni. Shingo yake usiitegemee, mbuzi hana mtulinga kwa hiyo zile pembetatu huzipati kama zetu.

Dada wa Malindi: Naogopa kuuona uso wa maiti, nifanyeje?
Sote tuliogopa mwanangu. Mwambie mwalimu mapema, alafu ufunike uso kwa kitambaa kibichi, kinazuia pia ngozi kukauka. Fanya shingo kwanza. Mimi nilikifunua siku ya tatu, polepole, mwenzangu akiwa kanishika bega.