Swali Kwanza, Jina Baadaye
Kwa mwalimu wa Kiingereza mwenye darasa lililojaa, kama yalivyo mengi hapa Pemba, mwanafunzi mpiga soga hutulizwa na swali kuliko ukali: tamka swali, nyamaza sekunde 3 hadi 5 (kimya hicho kigumu, lakini usikikatize), ndipo utaje jina. Ukianza na jina, waliobaki hujiona wamesamehewa. Likichelewa, kila mmoja hulazimika kutayarisha jibu, na soga hukosa nafasi. Hila hii haimfai anayefanya fujo kwa sababu haelewi Kiingereza chenyewe, kwani kutajwa mbele ya wenziwe humfedhehesha na kumzidishia ukaidi. Huyo mwache kwanza ashauriane na jirani yake kwa Kiswahili, kisha ajibu.