Jinsi ya kuhamisha huduma ya CTC unapohamia mkoa mwingine

Kama unachukua dawa za VVU CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, na umepata kazi au ndoa mkoa mwingine, omba uhamisho kabla hujafunga mizigo. Mimi nimetoka Mbeya kuja Dodoma hivi karibuni, na naandika kwa sababu wapo WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wenzetu wanaokatiza dawa kwa karatasi moja iliyojazwa nusu.

Nenda CTC yako siku ya kliniki, ukiwa na kadi yako. Siku hiyo faili linapatikana kwa urahisi na wa kusaini yupo. Taja kituo unachokwenda kama unakijua, na uombe dawa za kukuvusha. Virusi vikiwa vimefubaa, wengi tunapewa za miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo usione haya kuomba.

Sasa fomu ya uhamisho. Isome mstari kwa mstari ukiwa bado mbele ya muuguzi: namba yako ya CTC, tarakimu zote, tarehe uliyoanza dawa, dawa unazotumia sasa, kwa wengi TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu), jibu la mwisho la wingi wa virusi na tarehe yake, kama ulimaliza dawa za kinga ya kifua kikuu, sahihi, muhuri. Yangu ilitoka bila jibu la wingi wa virusi. Kituo kipya wakanipa dawa za wiki mbili tu, wakataka damu upya, na majibu yakachelewa. Kila nikirudi kuchukua dawa ilibidi nimwombe ruhusa bosi ambaye hata mwezi sijamaliza kwake, nikitafuta sababu ya kumwambia. Mtu akichoka kutafuta sababu, anaacha dawa. Sehemu moja tu ya fomu iliachwa wazi.

Usikubali pia kuandikishwa kama mteja mpya kwa sababu eti ni haraka zaidi. Historia yako yote iko kwenye namba ya zamani. Na kule ulikotoka utahesabika mtoro: watapiga simu uliyoacha, au mhudumu atakwenda kukuulizia kwenye nyumba uliyohama, ambako huenda mwenye nyumba hajui lolote.

Umeshahama bila fomu? Nenda hivyo hivyo kituo cha karibu na kadi yako na kopo la dawa lenye lebo, uwaombe wapige simu kituo cha zamani. Usingoje vidonge viishe. ARV na kipimo cha wingi wa virusi ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukidaiwa hela, omba kuonana na mganga mfawidhi. Usiri wako unalindwa na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na ukikwama, Konga ya wilaya, yaani umoja wa WAVIU, wana watu wanaokubali kukusindikiza.

Ukishapokelewa, waombe wakijulishe kituo cha zamani kuwa umefika, kisha hakikisha tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi.