Kuijaribu iPhone bila kuitelekeza Android yako: WhatsApp, laini na fedha za simu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu hapa Dar es Salaam, ambaye ametumia Android tangu aanze kumiliki simu janja na alitaka kujua kama iPhone inamfaa kabla hajaingiza mkono kwenye akiba yake. Ninachosisitiza tangu mwanzo ni kwamba kujaribu na kuhama ni kazi mbili tofauti. iPhone inapowashwa kwa mara ya kwanza humuuliza mtu papo hapo kama anataka kuleta vitu vyake kutoka simu ya zamani, na wengi hukubali wakidhani nafasi hiyo haitarudi. Nafasi hiyo hurudi, ila kwa sharti moja nitakalolieleza kwa kirefu katika hatua ya sita. Kwa sasa, kataa.

Hatua ya kwanza: pata simu ya kujaribia na uikague

Ikiwezekana, azima kwa ndugu au rafiki mwenye iPhone ya ziada, kwa kuwa hakuna jaribio bora kuliko lile lisilogharimu chochote. Ukinunua iliyokwisha kutumika, kagua mambo manne kabla ya kutoa fedha. Kwanza, mwombe muuzaji aifute simu mbele yako irudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha aiwashe upya. Ikidai akaunti ya Apple ya mmiliki wa awali, usiichukue, hata kama bei imeshushwa mara tatu, kwa sababu kufuli hiyo, iliyoanza na iOS 7 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone) mwaka 2013, haifunguliwi na fundi wa mtaani. Pili, piga *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na kama uko Tanzania itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili uone kama inatambulika. Tatu, fungua Mipangilio, sehemu ya betri, usome afya ya betri.

Jambo la nne ndilo linalosahaulika zaidi: tundu la laini. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina mahali pa kuweka kadi ya laini kabisa, zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, na simu za namna hiyo zinafika katika maduka yetu. Iwapo kampuni yako ya simu haitoi eSIM, simu hiyo itabaki kuwa ya Wi-Fi tu. Aidha, sisi tuliozoea Android yenye laini mbili za kadi tukumbuke kwamba iPhone huchukua kadi moja, na laini ya pili ni lazima iwe eSIM. iPhone zenye nafasi ya kadi mbili hutengenezwa kwa ajili ya China bara, Hong Kong na Macau.

Hatua ya pili: tayarisha Android

Hakikisha majina yote ya simu yamehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, si kwenye kadi ya laini wala kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe. Washa pia hifadhi ya picha katika Google Photos. Mimi hupendelea Google iwe daraja katika kipindi chote cha majaribio, kwa sababu inasomeka pande zote mbili na inampa kila mtu GB 15 bila malipo, wakati iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, hutoa GB 5 ambazo picha na video za mtu wa kawaida huzijaza upesi.

Hatua ya tatu: washa iPhone ikiwa tupu

Fungua akaunti ya Apple, weka namba ya siri ya simu, na unapofika kwenye ukurasa unaouliza kuhusu kuhamisha data, chagua kutohamisha kitu. Kisha ongeza akaunti yako ya Google ndani ya Mipangilio na uruhusu majina na kalenda. Ongeza kibodi ya Kiswahili ili simu iache kuyageuza maneno yako kuwa Kiingereza.

Hatua ya nne: leta WhatsApp kama kifaa cha ziada

Hapa ndipo jaribio la kweli lilipo, maana kwa wengi wetu simu isiyo na WhatsApp haijaribiki. Tangu mwaka 2023, WhatsApp inaruhusu akaunti moja kuunganishwa na simu nyingine mbali na simu kuu. Pakua WhatsApp kwenye iPhone, lakini usiandike namba yako pale inapoombwa. Ukiiandika na kuithibitisha, iPhone itakuwa simu kuu, na Android itatolewa kwenye akaunti. Badala yake, fungua menyu ya ziada iliyo katika ukurasa huo huo wa kuandika namba, uchague kuiunganisha simu hii kama kifaa cha ziada. Msimbo wa QR utatokea. Chukua Android, fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, kisha uuelekezee kamera msimbo huo.

Mazungumzo ya karibuni yataonekana kwenye iPhone, na ujumbe mpya utafika kwenye simu zote mbili. Usiizime Android ukaisahau kabatini, kwa sababu simu kuu isipotumika kwa siku 14 vifaa vya ziada huondolewa.

Hatua ya tano: laini na fedha

Katika kipindi cha majaribio, laini yenye fedha ibaki kwenye Android. Weka laini yako nyingine kwenye iPhone kwa ajili ya kupiga na kwa ajili ya bando. Fedha zako ziko kwenye namba, haziko kwenye simu, na menyu kama *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania au *334# ya Safaricom hufunguka kwenye iPhone sawasawa na kwenye simu ya vitufe. Mkenya aliyezoea menyu ya M-Pesa iliyomo ndani ya laini ataikuta kwenye Mipangilio, sehemu ya data ya simu, chini ya programu za SIM. Haionekani kwenye skrini ya mwanzo kama ilivyo kwenye Android, na wengi hudhani imepotea.

Programu za benki ziache. Nyingi hufungamana na kifaa kimoja na hudai usajili upya kila kifaa kinapobadilika, na haifai kuupitia usajili huo kwa simu ambayo pengine utairudisha.

Uwe pia na salio la kawaida kwenye laini iliyomo ndani ya iPhone, mbali na bando, kwa sababu iMessage, huduma ya Apple ya kutumiana ujumbe, inapojiwasha hutuma ujumbe mfupi wa kimataifa kwa siri, na pasipo salio hukaa ikisubiri bila mwisho. Ushauri wangu ni kuizima iMessage kabisa wakati wa majaribio.

Baada ya hapo, itumie simu kwa shughuli zako za kila siku. Kitufe cha kurudi nyuma hakipo, na mahali pake unatelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto. Kadi ya kumbukumbu haiingii, na programu huwezi kumrushia mwenzio kama faili.

Hatua ya sita: umeamua kuhama

Hatua hii isome yote kabla hujagusa kitu, kwa kuwa ndiyo inayokula saa nyingi na ndiyo inayowapotezea watu mazungumzo ya miaka. Nakala ya WhatsApp iliyohifadhiwa Google na Android haiwezi kufunguliwa na iPhone. Njia rasmi ni programu ya Apple iitwayo Move to iOS, ambayo tangu mwaka 2022 inahamisha pia WhatsApp, na sharti lake ni kwamba iPhone iwe mpya au iwe imefutwa kabisa. Maana yake ni kwamba iPhone uliyoitumia wakati wa majaribio ni lazima uifute kwanza. Kwa kuwa uliiwasha tupu na vitu vyako viko Google, hutapoteza chochote cha maana.

Angalia ukubwa wa data. Kila kitu unachokihamisha, pamoja na kilichomo kwenye kadi ya kumbukumbu ya Android, ni lazima kienee ndani ya iPhone. Kama picha ziko salama Google Photos, mimi sizihamishi kwa njia hii hata kidogo. Huchagua majina, ujumbe mfupi na WhatsApp tu, kwa sababu kila GB inayoongezeka hurefusha muda ambao muunganisho unaweza kukatika.

Sasisha WhatsApp kwenye Android, na uhakikishe Android hiyo ni toleo la 5 au zaidi na iPhone ina iOS 15.5 au zaidi. Chomeka simu zote mbili kwenye umeme, na ziunganishe na Wi-Fi moja. Kisha fanya jambo ambalo miongozo mingi hailitaji: toa laini zote kwenye Android, na ile ya namba ya WhatsApp uiweke kwenye iPhone. Faida zake ni tatu. Simu ikipigwa kwenye Android katikati ya kazi, uhamisho hukatika, na sasa haitapigwa. Android nyingi zikiona Wi-Fi ni dhaifu hurukia data ya laini zenyewe, jambo linalokata kazi vilevile, na sasa hazina pa kurukia. Tena, namba ya uthibitisho ya WhatsApp itakapotumwa mwishoni, itaingia moja kwa moja kwenye iPhone. WhatsApp iliyomo Android itaendelea kufanya kazi kwa Wi-Fi hata kama laini haimo.

Sasa washa iPhone, ufike kwenye ukurasa wa kuhamisha data na uchague Android. Namba za siri zitatokea kwenye iPhone. Ziandike ndani ya Move to iOS kwenye Android. Katika orodha ya vitu, gusa WhatsApp, kisha kitufe cha kuanza, na usubiri iandae data yake. Ikimaliza, utatolewa kwenye akaunti upande wa Android. Usishtuke na usiingie tena. Gusa kuendelea, urudi Move to iOS, uanzishe uhamisho.

Tangu hapo Android isiguswe. Ukifungua programu nyingine, kazi inakatika. Android ikisema imemaliza, wewe itazame iPhone, kwa kuwa mstari wa iPhone unaoonyesha kazi ilipofika ndio wenye kauli ya mwisho, na unaweza kuendelea kutembea muda mrefu baada ya Android kutangaza mafanikio. Kazi ikikatika, data ya Android bado ipo pale pale. Zianzishe upya simu zote mbili, uanze hatua hii mwanzo.

Uhamisho ukikamilika, pakua WhatsApp kwenye iPhone na uingie kwa namba ile ile uliyoitumia Android. Namba tofauti hairejeshi mazungumzo. Gusa kuanza utakapoulizwa, usubiri. Kumbukumbu ya miito haihami. Mazungumzo yakionekana yote, washa nakala rudufu ya iCloud siku hiyo hiyo, kwa sababu yaliyohamishwa hayakupitia hifadhi yoyote ya mtandaoni na kwa wakati huo yako ndani ya simu tu. Android usiifute wala usiiuze hadi nakala hiyo ikamilike na programu za benki zikubali usajili mpya.

Hatua ya saba: iPhone haikukufaa

Kama hukufika hatua ya sita, ondoa iPhone kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa vya WhatsApp, uzime iMessage iwapo uliiwasha, maana usipoizima ujumbe wa wenye iPhone wengine utaendelea kuelekea huko usikokuwepo. Kisha toka kwenye akaunti ya Apple ili ile kufuli izimike, ndipo uifute simu na kuirudisha kwa mwenyewe. Aliyekwisha kuhama anaweza kuirudisha WhatsApp kwa waya, kutoka iPhone kwenda Samsung, Pixel au simu nyingine yenye Android 12 au zaidi, na huko nako Android inayopokea ni lazima iwe mpya au imefutwa.