Kuajiri mhadhiri wa odiolojia (taaluma ya usikivu) katika chuo kikuu cha Marekani

Kwanza amueni: mnataka mwenye AuD (udaktari wa kliniki) au PhD (udaktari wa utafiti)? Tangazo linalodai vyote viwili huambulia maombi machache. Wenye navyo ni wa kuhesabika. Atakayesimamia wanafunzi kliniki awe na leseni ya jimbo, au aanze kuiomba mapema.

Kwenye usaili, mbali na mada ya utafiti, mwombaji afundishe darasa halisi. Mpeni odiogramu (chati ya kipimo cha usikivu) yenye pengo la desibeli 30 kati ya sauti inayopita njia ya hewa na inayopita njia ya mfupa. Asipouliza kama sikio la pili lilipewa mvumo wa kulizuia lisisaidie, hapo pana walakini.

Waombaji wengi huponyoka kwa sababu ya maabara. Kibanda cha kuzuia kelele ni kizito, si kila sakafu hukihimili. Barua ya ajira itaje chumba, bajeti, na nani atalipia kalibresheni (urekebishaji wa usahihi) ya odiometa, kifaa cha kupima usikivu, kila mwaka.