Ukitishwa na jina la kitaalamu, dai ukurasa

Mwanasiasa akikutisha kwa nadharia ya chuoni, usibishane naye maana yake. Muulize: inafundishwa darasa la ngapi, kitabu gani, ukurasa gani? Nimelishika hili nikifuatilia uchaguzi wa gavana wa Virginia, Marekani, 2021. Glenn Youngkin aliahidi kuipiga marufuku shuleni "nadharia hakiki ya rangi" (critical race theory), akashinda, na siku aliyoapishwa, 15 Januari 2022, akasaini amri. Nadharia yenyewe ni ya wanasheria, akina Derrick Bell na Kimberlé Crenshaw: jinsi sheria zinavyoweza kuendeleza ubaguzi hata pasipo mbaguzi. Mtoto wa darasa la tatu aikute wapi? Swali linafaa kwa kuwa jina lisiloeleweka ni gunia tu, kila mzazi hutia humo linalomkera. Ukurasa humlazimu mtu afungue gunia. Swali hilo hugoma pale karatasi ipo kweli: baadhi ya nyaraka za idara ya elimu ya Virginia ziliitaja nadharia hiyo. Hapo usikane, zisomeni pamoja, mtenganishe semina ya walimu na somo la mtoto. Wala halimtulizi mzazi aliyekasirishwa na shule kufungwa wakati wa korona. Huyo ana lake jingine kabisa.