Namna ya kupiga hesabu ya mfalme wa kikatiba kabla ya kupanda jukwaani

Mada ya kwamba ufalme wa kikatiba, ambamo mfalme ni mkuu wa nchi lakini serikali huendeshwa na waliochaguliwa, ni mzigo kwa walipakodi ikipangwa kwenye mdahalo wa shule, iwe Newala, Masasi au Lindi mjini, pande zote mbili hukimbilia mfano wa Uingereza, na wengi huanguka kwenye hesabu. Chora safu tatu daftarini: kinachotoka, kinachoingia, na kile ambacho kingetoka au kuingia hata kama mfalme hayupo. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayoshinda midahalo.

Anza na kinachotoka. Mwaka wa fedha 2024/25 mfalme wa Uingereza, Charles, alipewa na serikali ruzuku ya pauni milioni 86.3, na milioni 34.5 kati ya hizo zilikuwa za ukarabati wa Kasri la Buckingham. Gawanya kwa watu milioni 68 hivi, unapata pauni 1.27 kwa kila mtu. Wanaotetea ufalme hupenda kuishia hapo, jambo ambalo ni sawa na kutaja bei ya korosho mnadani ukanyamazia makato. Ruzuku hiyo haina ulinzi wa polisi, ambao gharama yake haitangazwi. Wala haina mapato ya mashamba na majengo ya Lancaster na Cornwall, yanayokwenda kwa mfalme na mrithi wake.

Sherehe zihesabu kando. Mazishi ya Malkia Elizabeth mwaka 2022 yaligharimu takriban pauni milioni 162, na kutawazwa kwa Charles mwaka 2023 milioni 72. Jumla ni milioni 234. Usiibebeshe mwaka mmoja: Elizabeth alitawala miaka 70, kwa hiyo ukiigawa kwa 70 unapata kama milioni 3.3 kwa mwaka.

Upande wa kinachoingia, hoja kubwa ni Mali za Taji: ardhi, majengo ya London na haki za sakafu ya bahari. Faida yake huingia hazina ya serikali tangu mwaka 1760, na ruzuku hupigwa kwa asilimia ya faida ya miaka miwili nyuma. Fanyeni hesabu hii ubaoni: faida ya 2023/24 ilikuwa kama pauni milioni 1,100, asilimia 12 yake ni milioni 132, ndiyo ruzuku ya 2025/26. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kampuni za umeme wa upepo kulipia maeneo baharini.

Kosa baya kuliko yote ni kuiita faida hiyo zawadi ya mfalme. Mali hizo si zake binafsi, hawezi kuziuza, na upepo ungevuma hata chini ya rais. Iweke safu ya tatu. Watalii nao waweke humohumo: Versailles, kasri la wafalme wa zamani wa Ufaransa, hujaa wageni kila mwaka, na nchi hiyo haina mfalme. Ila kwa haki hiyohiyo, andika pia gharama ya rais atakayechukua nafasi, pamoja na ikulu, walinzi na uchaguzi wake. Upande wa kupinga ufalme husahau mstari huu karibu kila mara.

Mada ikihusu Kanada au Jamaika, ambazo mfalme wao ni huyohuyo wa Uingereza, acha ruzuku ya London kabisa. Hesabu ofisi ya gavana mkuu, yaani mwakilishi wa mfalme nchini humo, maana ndiyo wanayolipia wao. Tanganyika ilikuwa hivyo kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962. Barbados ilipoacha ufalme mwaka 2021, gavana mkuu Sandra Mason ndiye aliyekuwa rais wa kwanza, kwa hiyo gharama ya kuwa na mkuu wa nchi haikuondoka.